Rangi Ilitoka, Chumvi Ikabaki

Mwishoni mwa Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vitambaa katika mji wa Tiruppur, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, vifungwe na vikatiwe umeme. Vilikuwa zaidi ya 700. Tiruppur ni mji unaoishi kwa fulana. Nyuzi za pamba huingia, zikafumwa, zikatiwa rangi, zikakatwa na kushonwa, kisha huondoka kwenye makontena kuelekea maduka ya Ulaya na Marekani. Kitambaa kisipotiwa rangi, mshonaji hana cha kushona na mpakizi hana cha kupakia. Kwa hiyo amri ile iligusa nyumba nyingi kuliko za wenye viwanda peke yao.

Na viwanda hivyo havikukosa mitambo ya kusafisha maji. Mitambo ilikuwapo, mingine ya kiwanda kimoja kimoja, mingine ya pamoja iliyochangiwa na wenye viwanda wa eneo moja. Ilichorwa na wahandisi, ikakopewa fedha benki, ikajengwa, ikazinduliwa. Pamoja na yote hayo, mto Noyyal, unaoteremka kutoka milima ya Ghats ya Magharibi hadi kuingia mto Kaveri, ulikuwa umeharibika kiasi kwamba wakulima wa chini ya mji walikwenda mahakamani kuudai.

Mwaka huohuo wa 2011, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyungpook, Korea Kusini, likiongozwa na Sung Hwa Jhung, lilichapisha matokeo ya kifaa kiitwacho MOF-235, kilichoundwa kwa chuma na asidi ya terefthaliki. Gramu moja ya unga wake iliweza kunasa hadi miligramu 477 za rangi ya methili oranji, na miligramu 187 za methilini buluu. Yaani, kwa methili oranji, unga huo ulibeba karibu nusu ya uzito wake. Makala hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika fani ambayo leo ina machapisho yasiyohesabika, kila moja likijitahidi kuipita namba iliyotangulia.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu naamini yanaelezana. Kilichotokea Tiruppur ndicho kinachoweza kutupata tukichukua namba za maabara tukazifanya mradi bila kuyauliza maji yenyewe yana nini.

Kwanza kifaa. MOF ni fuwele iliyoungwa kwa aina mbili za vipande: vifundo vya metali kama zinki, shaba, chuma au zirkoniamu, na viungo vya kaboni vinavyovifunga vifundo hivyo kimoja kwa kingine. Ikikamilika inakuwa kama jengo la ghorofa lililosimamishwa nguzo na mihimili tu, bila kuta, lenye nafasi tupu nyingi ndani kuliko zege. Ndiyo maana gramu moja ya baadhi ya fuwele hizi ina eneo la ndani la maelfu ya mita za mraba. Richard Robson wa Melbourne alionyesha mwaka 1989 kwamba muundo wa namna hiyo unaweza kupangwa kwa makusudi. Susumu Kitagawa wa Kyoto akaonyesha kwamba gesi zinaweza kuingia na kutoka bila jengo kuanguka. Omar Yaghi akatoa MOF-5 mwaka 1999. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Yaghi alizaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, kwenye nyumba isiyokuwa na bomba la maji, na mengi anayoyafanya sasa ni ya kuvuna maji kutoka kwenye hewa ya jangwani. Sina shaka hata kidogo na ukubwa wa ugunduzi huu. Wasiwasi wangu ni wa safari ya kutoka kwenye chupa hadi kwenye mfereji.

Tuingie basi kwenye mfereji wa Tiruppur. Pamba hutiwa rangi kwa namna ambayo mtu akiiona mara moja anaelewa shida nzima. Kitambaa huchemshwa kwanza kutolewa nta na uchafu, kisha hufanywa cheupe kwa peroksaidi. Halafu hutumbukizwa kwenye maji yenye rangi za aina inayojifunga moja kwa moja na nyuzi za pamba. Tatizo ni kwamba pamba ndani ya maji hubeba chaji hasi, na molekuli za rangi hizo nazo hubeba chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Ili rangi ikubali kusogelea nyuzi, mtia rangi humwaga chumvi, na humwaga kwa wingi: kwa rangi nzito kama nyeusi au buluu ya bahari, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji. Baada ya hapo hutia magadi ili pH ipande kufikia 11 hivi na rangi ishike. Hata ikishika, sehemu yake kubwa tu hukataa. Inaungana na maji badala ya pamba na haiwezi kutumika tena. Kitambaa husuuzwa, kikafuliwa kwa sabuni ya moto, kikasuuzwa tena na tena. Mashine za zamani zilikula zaidi ya lita 100 za maji kwa kilo moja ya kitambaa.

Kinachotoka mlangoni, kwa hiyo, ni rangi kidogo ndani ya chumvi nyingi, ndani ya maji mengi yenye magadi. Chumvi haishiki kwenye kitambaa hata chembe. Yote iliyoingia kiwandani itatoka.

Mitambo ya pamoja iliyojengwa miaka ya 1990 ilitibu kile kilichoonekana. Walitia chokaa na chumvi za chuma, rangi ikagandamana na kuzama kama tope, maji yakatoka juu yakiwa yamepauka. Mkaguzi akichota kwenye glasi aliona maji yanayokaribia kuwa meupe. Kwa macho, mradi ulifaulu. Lakini chumvi ilipita kwenye mtambo kama ilivyoingia, na chokaa ikaongeza yake. Kanuni ya India inataka maji yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 2,100 za chumvichumvi kwa lita. Maji yaliyotoka Tiruppur yalikuwa na mara mbili hadi tatu ya hiyo, na kwa mji mzima yalikaribia lita milioni 100 kwa siku.

Chini ya mji kulikuwa na mradi mwingine uliopangwa na ofisi nyingine. Bwawa la Orathupalayam lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kumwagilia maelfu ya ekari za wilaya za Erode na Karur. Bwawa hukusanya kila kinachoteremka. Halikuchukua muda likawa ghala la maji ya viwandani, na wakulima waliokuwa wamelisubiri kwa miaka wakawa ndio wanaoomba milango yake isifunguliwe, maana maji yake yakifika shambani udongo unakuwa mgumu na visima vinakuwa na chumvi. Nikitafakari habari hii, hapo ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi. Mkulima ambaye serikali imemjengea bwawa anakwenda kuiomba serikali imnyime maji yake. Mchoraji wa bwawa hakukosea hesabu za zege, wala mchoraji wa mtambo wa rangi hakukosea hesabu za chokaa. Kila mmoja alifaulu ndani ya mipaka ya karatasi yake.

Kesi ya wakulima ilizaa amri ya mwaka 2006 kwamba viwanda visitoe hata tone la maji machafu. Mahakama ya Juu ya India iliiunga mkono mwaka 2009. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, hadi ikafika Januari 2011 na umeme ukakatwa.

Sasa niruhusuni hesabu ndogo. Tuseme kiwanda kinatoa lita milioni moja kwa siku, zenye miligramu 100 za rangi na gramu 6 za chumvi kwa kila lita. Viwango hivyo si vya ajabu kwa kazi hii. Rangi yote ya siku hiyo ni kilo 100. Chumvi ni tani 6. Ukichukua MOF-235 na kuiamini namba yake bora kabisa ya miligramu 477, utahitaji zaidi ya kilo 200 za unga kila siku kunasa zile kilo 100 za rangi. Kesho utahitaji nyingine, isipokuwa uwe na njia ya kuuosha unga wa jana. Na baada ya kazi yote hiyo nzuri, zile tani 6 bado zinashuka mtoni, safi kwa macho, zikielekea kwa mkulima yuleyule.

Hapo sijagusa bado maji yenyewe. Majaribio mengi ya maabara hutumia rangi moja iliyoyeyushwa katika maji yaliyotoneshwa, mara nyingi methilini buluu, ambayo ina chaji chanya na hunaswa kwa urahisi na vifaa vingi. Rangi za pamba zina chaji hasi. Chumvi ya kiwandani hujaa kwenye zile sehemu ambazo rangi ingeshika, na sabuni nayo hudai nafasi yake. Fuwele zenyewe nazo hazilingani kwa uvumilivu. MOF-5 hubomoka hata kwa unyevu wa hewa. HKUST-1 ya shaba haidumu majini. UiO-66, ya zirkoniamu, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, ina sifa kubwa ya uimara, na inastahili sifa hiyo kwenye maji ya kawaida na hata ya tindikali. Ila kwenye maji makali ya magadi zirkoniamu huanza kuachana na viungo vyake. ZIF-8 huvumilia magadi vizuri, lakini madirisha yake ni ya nanomita 0.34 tu, na molekuli ya rangi ya pamba, ambayo urefu wake huzidi nanomita moja, haipiti. Itashika nje, ukutani, na ule ukubwa wa ndani unaosifiwa unakuwa hauna kazi. MIL-101 ya Wafaransa ina madirisha mapana hadi nanomita 1.6, na ndani pana nafasi ya kutosha. Imeundwa kwa kromiamu, na mapishi yake ya kwanza yalihitaji asidi haidrofloriki na joto la nyuzi 220. Mtu aliyewahi kuona ngozi ya mfanyakazi wa kiwanda iliyoungua kwa kemikali hawezi kuyapita majina hayo haraka.

Halafu kuna umbo. Fuwele hizi hutoka zikiwa unga mwepesi. Ukimwaga unga kwenye tangi hutauona tena mpaka uuchuje, na ukiupanga kwenye nguzo ya kuchujia utaziba na pampu italalamika. Lazima ufinyangwe kuwa punje kwa gundi, na gundi huziba sehemu ya vile vitundu. Kuosha punje zilizojaa rangi mara nyingi hufanyika kwa ethanoli au methanoli. Ethanoli hiyo iliyojaa rangi itapelekwa wapi? Ndilo swali ambalo meneja wa mtambo huuliza kabla ya lingine lolote, na makala nyingi hulijibu kwa sentensi moja, kwamba kifaa kilirudiwa kutumika mara nne au tano. Mtambo wa pamoja hauzimwi. Mara tano zinaisha kabla ya wiki.

Mshindani wa MOF katika kazi hii anafahamika sana. Ni mkaa amilifu, unaotengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi bila hewa na kuvipitishia mvuke wa moto hadi vifunguke vitundu. Tamil Nadu yenyewe ni kati ya sehemu zinazoutengeneza kwa wingi na kuuza nje. Kilo yake hununuliwa kwa dola chache, unapatikana kwa tani, ukichoka unachomwa upya, na fundi anaujua. Namba yake kwa gramu inaweza kuwa ndogo. Lakini anayenunua kwa tani hanunui namba ya gramu.

Ningeishia hapo kama MOF zote zingeshindwa kutoka maabara. Hazijashindwa. CALF-20, iliyobuniwa na kundi la George Shimizu wa Chuo Kikuu cha Calgary, imejaribiwa kwenye kiwanda cha saruji cha Lafarge huko Richmond, Canada, ikikamata kama tani moja ya kaboni daioksaidi kwa siku kutoka kwenye moshi halisi wa tanuri. Mwaka 2023 kampuni ya BASF ilitangaza kwamba imefikia uwezo wa kutengeneza mamia ya tani zake kwa mwaka. Tazama ilichoshindia. Haikuwa na eneo la ndani kubwa kuliko zote, wala haikubeba kaboni nyingi kuliko zote. Ilichaguliwa kwa sababu inastahimili mvuke na gesi za tindikali zilizomo kwenye moshi, na kwa sababu viambato vyake, zinki, oksaleti na triazoli, si vya gharama ya kutisha. Walioichagua walianza na bomba la moshi na uchafu uliomo, ndipo wakaangalia fuwele ipi inaweza kukaa humo. Kwenye maji ya rangi bado nasoma zaidi kazi zinazoanza na fuwele na kuitafutia maji ya kuipamba.

Tiruppur ilifufukaje? Kwa njia isiyovutia kuandikwa kwenye jalada la jarida. Serikali ya jimbo ilitoa mkopo usio na riba wa rupia bilioni 2. Mitambo ilipangwa upya. Bakteria na oksijeni huvunja sehemu ya uchafu, maji yakasukumwa kwa pampu kali kupita kwenye utando unaozuia chumvi, na maji safi yakarudi kiwandani kusuuzia vitambaa. Kinachobaki ni maji mazito ya chumvi. Mwanzoni mpango ulikuwa kuyachemsha yote mpaka yakauke, na huko ndiko miradi mingi ilikozama, maana kuchemsha maji kunakula kuni na umeme usiku na mchana, na mwisho unapata gunia la chumvi mchanganyiko lisilo na mnunuzi. Mtambo wa pamoja wa Arulpuram ulionyesha njia nyingine, ya kuyasafisha maji mazito ya chumvi kiasi cha kutosha kuyarudisha kwenye beseni la rangi, ambako chumvi inahitajika hata hivyo. Chumvi iliyokuwa mzigo ikawa sehemu ya oda ya kesho, na mwenye kiwanda akaona kwenye daftari lake kwamba anainunua pungufu. Viwanda vikafunguliwa kidogo kidogo. Gharama bado ni kubwa, tope lililorundikwa bado linasubiri mahali pa kwenda, na wapo waliofunga moja kwa moja kwa kushindwa kulipia. Lakini maji yanazunguka.

Mtindo huo umeshavuka bahari. Hifadhi ya viwanda ya Hawassa, Ethiopia, iliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Ziwa Hawassa, ilijengewa tangu siku ya kwanza mtambo wa kutotoa tone, wenye uwezo wa zaidi ya lita milioni 10 kwa siku, na kampuni iliyoujenga ilitoka India. Huo ni uungwana kwa ziwa, na napenda kuona funzo la mto mmoja likilinda maji ya nchi nyingine. Hata hivyo, tarehe 1 Januari 2022 Ethiopia ilitolewa kwenye mpango wa AGOA wa kuuza Marekani bila ushuru, na mtambo wa aina hii una walinzi, pampu na utando wa kubadilishwa hata oda zikipungua. Mradi wa maji unategemea bei ya fulana kuliko mhandisi yeyote anavyopenda kukiri.

Kwetu sisi rangi nyingi hutiwa uani. Vikundi vya akina mama wa batiki hupasha maji, wakatia rangi, kostiki na kemikali iitwayo haidro, wakavaa glavu, wakazamisha kitambaa chenye nta. Kitambaa kikitoka kwenye beseni kina rangi moja, kikipigwa na hewa kinageuka rangi nyingine mbele ya macho. Mageuko hayo yana faida ambayo wengi hawaitumii. Rangi za kundi hili huyeyuka kwa sababu ya haidro na kostiki, na zikirudi kukutana na oksijeni zinakuwa chembe zisizoyeyuka. Maji yaliyobaki yakiachwa kwenye beseni pana na kukorogwakorogwa hadi kesho yake, sehemu kubwa ya rangi hutuama, na inaweza kuchujwa kwa kitambaa na mchanga. Kinachobaki humo ni hasa kostiki, inayounguza mikono, mimea na samaki bila kuwa na rangi yoyote. Mtafiti akija uani hapo na unga wa zirkoniamu atakuwa amekuja kuondoa kitu ambacho hewa ingekiondoa bure, na kuacha kile kinachoumiza.

Je, MOF haina nafasi kabisa kwenye maji ya rangi? Naona nafasi moja, na ni nyembamba. Yale maji mazito ya chumvi ya Arulpuram, kabla hayajarudi kwenye beseni, yanabaki na kivuli cha rangi. Kivuli hicho hakimzuii mtu kutia nyeusi, lakini anayetaka waridi hafifu hawezi kuyatumia. Hapo maji ni machache kuliko mto mzima, thamani yake ni kubwa, na mnunuzi yupo tayari, kwa sababu kila lita inayokuwa safi zaidi ni chumvi ambayo hatainunua. Kifaa kitakachofaa kitatakiwa kinase rangi za chaji hasi ndani ya chumvi nyingi, kivumilie magadi, kiwe punje, kisafishwe kwa kitu kilichomo kiwandani tayari, na kisidondoshe metali yake kwenye kitambaa kitakachovaliwa na mtoto. Miligramu kwa gramu itakuja ya sita.

Ningekuwa kwenye kamati inayogawa fedha za utafiti, ningeomba kila mwombaji wa fani hii aambatanishe pipa moja la maji kutoka kiwanda anachokitaja, lililochotwa siku ya kutia rangi nyeusi, pamoja na jina la cheo cha mtu atakayelipa umeme wa mtambo mwaka wa pili na mahali tope litakapokwenda. Jaribio lifanyike kwenye maji hayo, kwa miezi, na namba ya chumvi iandikwe kando ya namba ya rangi kwenye jedwali lilelile, ili mkulima wa Karur, akisomewa, ajue kama amehesabiwa.